Vituo Viwili Viligombea Mgongo Wangu

Siku miguu yangu ilipokataa kunibeba, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa anayegombewa kuliko wote katika kata yetu. Kituo cha afya cha mlimani kilinitaka. Kituo cha afya cha bondeni kilinitaka. Vyote viwili ni vya serikali, siyo kwamba kimoja ni duka la mtu. Na mimi nilikuwa chini, kwenye sakafu ya jiko la mama, miguu imenyooka mbele, navitazama vidole vyangu. Naviambia chezeni. Havichezi. Naviambia tena kwa sauti, kama mtu anayemwita mbuzi. Kimya.

Mpaka leo nikikumbuka nashika mdomo.

Jina langu Skola. Nyumbani ni upande wa Matiri, huku milimani Mbinga. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo usinitegemee nikueleze habari za vijidudu. Nitakueleza kukaa kwenye benchi, maana hilo nimelisomea vizuri. Vituo sitavitaja majina, kwa sababu watu wake nakutana nao sokoni na sitaki ugomvi. Lakini kama una mgongo unaokuuma usiku, au una dada wa namna hiyo, tafadhali usiishie katikati.

Kwanza lazima ujue ngolo. Milima yetu imesimama, na mvua ikija inataka kuondoka na shamba lote. Kwa hiyo wanaume wanafyeka majani na kuyapanga miraba miraba mlima mzima, halafu wanawake tunaingia na majembe, tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo, mpaka mlima unakuwa na vishimo kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo ngolo. Ni kazi ya kuinama. Asubuhi umeinama, mchana umeinama, ukinyooka ni kwa ajili ya kunywa maji. Mwanamke akilalamika mgongo msimu huo anachekwa mpaka anyamaze. Dawa yetu ni kitenge: unajifunga kibwebwe, unakaza, unaendelea.

Mwaka ule, mvua zikielekea kwisha, mgongo wangu ukaanza.

"Ngolo hiyo," mama akasema. "Kaza kitenge."

Nikakaza. Kila mwanamke niliyemwambia alinijibu hivyohivyo, na mimi mwenyewe nilijijibu hivyohivyo. Tofauti niliiona, ila sikuijua kuwa ni tofauti. Mgongo wa ngolo ukilala unapumzika. Wangu ukilala ndiyo unaamka. Halafu jasho. Huku kwetu mwezi wa sita baridi inakutoa moshi mdomoni, lakini mimi naamka shuka limelowa kama limetoka mtoni. Wakati wa kuchuma kahawa magauni yalikuwa yananining'inia. Kaka yangu Bosko, ambaye ni dereva wa bodaboda na hakai bila utani, akaniambia, "Skola, unafanya mazoezi ya urembo wa taifa na hutuambii?" Nikacheka. Nilikuwa mtu wa kucheka sana.

Sasa mashindano. Kabla ya hapo, kituo cha mlimani kilikuwa peke yake, na kwenda kutibiwa ilikuwa kama kwenda kuomba msamaha. Unafika alfajiri, unakaa chini, nesi anakufokea kwa nini umechelewa kuumwa au kwa nini umewahi. Dawa hakuna. Kisha kikajengwa cha bondeni, na akaja ofisa mmoja kutoka wilayani, akatueleza mkutanoni kwamba sasa mwenye kadi ya bima anachagua mwenyewe pa kwenda, na fedha zitamfuata mgonjwa. Kituo kitakachopendwa kitanenepa. Kisichopendwa kijitafakari. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka, kwa sababu nilimkumbuka binamu yangu aliyejifungulia kwenye benchi la nje huku nesi akinywa chai.

Na kweli mambo yalibadilika, mbele ya macho yetu. Choo kikaoshwa. Mabenchi yakaletwa yenye migongo ya kuegemea. Kituo cha mlimani wakaanza kutoa uji wa ulezi asubuhi kwa wanaosubiri. Wa bondeni kusikia hivyo wakaweka televisheni. Siku ya soko kila kituo kinatuma gari na spika. Shangazi Agata, dada wa marehemu baba, ni mhudumu wa afya wa kijiji chini ya kituo cha mlimani, kwa hiyo yeye ndiye aliyenipeleka huko.

"Shikamoo dokta," nikasema.

"Marahaba, mpendwa. Karibu ukae."

Mpendwa! Niligeuka nyuma nione anaongea na nani. Dokta Rajabu ni kijana aliyehamishwa kutoka Tabora, mpole, shati limenyooshwa. Alinipima damu, akasema nina taifodi, kidogo. Nikameza dawa. Niliporudi akasema ni yutiai, ya njia ya mkojo. Niliporudi tena, malaria imejificha. Kila nikienda nakunywa uji, napimwa, naitwa mpendwa, narudi na mfuko wa dawa na mgongo uleule. Na katika kwenda na kurudi kote huko, ambako sasa naona aibu hata kukuhesabia, hakuna mtu aliyenifungua kile kitenge akautazama mgongo wenyewe.

Siku moja nikajikaza. "Dokta, naomba nipigwe picha."

"Picha ya nini, mpendwa? Si unalima ngolo?"

"Nalima."

"Basi si umeshajijibu?"

"Basi niandikie karatasi ya rufaa, niende mbele."

Akacheka, siyo kwa ubaya. Akainamia meza, akasema kwa sauti ya chini kama anamwambia rafiki, "Skola, nikikuandikia rufaa, wewe unaondoka na kadi yako inaondoka. Mwisho wa mwezi mimi naulizwa wagonjwa wako wako wapi. Tulia hapahapa, tutakutibu."

Nilitoka pale nimetulia kweli. Unajua mtu akikuambia siri, unajiona mkubwa.

Kule nyumbani vita ilikuwa imeshaanza. Kituo cha bondeni kilikuwa kinawapa bodaboda mafuta kidogo kwa kila mgonjwa wanayemleta, na Bosko alikuwa anasikia spika zao siku nzima. Jioni moja, mama akiwa anasonga ugali, Bosko akamwambia Shangazi Agata, "Kesho nampeleka Skola bondeni. Wameleta mashine ya eksirei."

"Mgonjwa huyu ni wa kwetu," Shangazi akasema. "Nimeshamwandikisha."

"Shangazi, Skola siyo gunia la kahawa useme ushirika umeshalipima."

"Na wewe unampeleka kwa mapenzi au kwa mafuta ya pikipiki?"

"Angalau pikipiki yangu inatembea. Hiyo taifodi yenu imekaa tu."

"Bosko!" Mama akagonga mwiko kwenye sufuria. "Mnanitia aibu. Mtoto amelala hapo anasikia."

Nilikuwa nasikia kweli. Na nitakuambia jambo la kushangaza: nilifurahi kidogo. Mimi hakuna mwanaume aliyewahi kunigombea, wala timu ya netiboli. Nikafumba macho nikawaacha waendelee.

Bondeni kulikuwa kuzuri. Vigae chini, feni juu. Na mashine ilikuwepo kama spika zilivyosema, kubwa, nyeupe, bado imevaa nailoni yake ya kiwandani.

"Mtaalamu wa kuiendesha hajaripoti," akasema Dokta Neema, mama mmoja mrefu mwenye miwani. "Njoo wiki ijayo. Wakati huo huo tukupime damu."

"Nimeshapimwa mlimani, dokta. Majibu haya hapa."

"Ya kule hatuyatumii. Hapa tunaanza upya."

Tukaanza upya. Taifodi. Wiki iliyofuata mtaalamu bado. Iliyofuata tena, bado. Mashine nyingine ilikuwepo mbali, safari ya kutwa kwa mtu wa hali yangu, lakini hakuna aliyenitajia. Nani ataje ya mwenzake wakati ya kwake iko palepale inang'aa? Nikawa naenda bondeni nikichoka narudi mlimani, nikichoka kule nashuka huku. Kila upande unafurahi kuniona. Kila upande unaanza upya. Mvua za kwanza zikanyesha, na hapo miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, na mimi nasema ni baridi.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya jikoni.

Mama alichemsha maji anioshe palepale sakafuni. Akafungua kitenge, ambacho nilikuwa silali bila kujifunga, maana kilikuwa kinanishika. Nikasubiri maji yanimwagikie. Hayakuja. Nikageuza shingo nikamwona mama amekaa chini, ndani ya maji yaliyomwagika, kata ya kuchotea imemtoka mkononi.

"Mama, nini?"

Akamwita Bosko kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba kama ya mtoto. Bosko akaingia, akasimama. Nikamwambia anipige picha kwa simu nione. Hakutaka. Nikamlazimisha.

Kwenye simu nikaona mgongo wa mtu mwembamba sana, mbavu zote nje, na katikati yake mfupa umesimama kama goti la mtoto. Nikauliza, "Huyu nani?"

Bosko, yule wa utani, akaanza kulia.

Hakumuuliza mtu. Alimsimamisha jirani mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, wakanilaza nyuma juu ya magunia, tukashuka bondeni kwa kuwa ndiko kulikokuwa karibu kwa gari. Na siku hiyo mtaalamu alikuwa ameripoti. Mashine ikapiga kelele kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Dokta Neema akaishika ile picha dirishani. Akavua miwani. Akavaa tena.

"Pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa," akasema.

"Zimeliwa na nini, dokta?"

"Kwa ninavyoona, TB."

"Lakini mimi sikohoi! Hata mafua sina!"

"Yako haiko kifuani. Imekaa kwenye mfupa, na sasa inabana mishipa ya miguu." Kisha akauliza, polepole, "Skola, umeumwa huu mgongo tangu lini?"

"Tangu ngolo."

Nesi aliyekuwa mlangoni akajishika mdomo.

Nilidhani sasa ndiyo watanigombea vizuri, maana sasa ninaumwa kweli. Hapa ndipo penyewe pa kushangaa, na nikiwasimulia watu hawaniamini. Dokta Neema alikaa pembeni ya kitanda, akamtazama mama usoni. "Mama, nitakuambia ukweli kwa sababu nawaheshimu. Dawa za TB ni za bure, na ninazo. Ila binti huyu anahitaji kulala kwa miezi. Kitanda chake kitashikwa muda wote, na kwa dawa za bure hakitatuletea fedha. Nina vitanda vichache, na mimi pia nahesabiwa. Nitawatafutia pa kwenda."

Shangazi Agata, ambaye alikuwa amefika akihema, akatoka nje kumpigia simu Dokta Rajabu. Aliweka sauti kubwa, akidhani atatupatia habari njema. Nikaisikia ile sauti ya upole: "Kwa kuwa amepigwa picha bondeni, bondeni wamalizie. Sisi nafasi ya kulaza muda mrefu hatuna."

Shangazi alirudi ndani akakaa miguuni pangu. Hakumwangalia Bosko, Bosko hakumwangalia. Asubuhi nilikuwa mali. Mchana nikawa mzigo. Mwili ni uleule, kadi ni ileile.

Lakini niwe mkweli: Dokta Neema alipiga simu mpaka akapata. Akatoa gari la wagonjwa, na akashuka na sisi mwenyewe hadi tulipofika, kwenye hospitali moja upande wa Nyasa, ufukweni.

Ukitoka milimani kwetu kushuka ziwani unavua sweta njiani. Joto linakupokea kama mtu aliyekuwa anakusubiri mlangoni. Kule hakuna kituo kingine cha kushindana nacho. Hospitali ni hiyo, ukigeuka ni maji. Bati linavuja. Televisheni hakuna, uji hakuna. Na mpendwa wala! Nesi mkuu wa wodi, Nesi Tumaini, alitupokea hivi: "Mbona mnaleta maiti? Geuza hapo. Mama, shika huko. Nani alimfunga hili litenge? Toa!" Na kabla hajauliza hata jina langu, alishapitisha vidole kwenye mgongo wangu mfupa kwa mfupa, na vidole vyake vilikuwa vya moto na vyepesi kuliko mdomo wake.

Siku hiyo nililia, mara ya kwanza. Kwa kuguswa tu.

Wakanifunga plasta kifuani mpaka nyonga, nikawa kama kinu. Vidonge asubuhi, vingi. Siku ya pili nikakojoa rangi ya fanta, nikapiga ukunga kwamba natoka damu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mama Eliza wa Lipingo, mwanamke mnene aliyevunjika nyonga, alicheka mpaka kitanda kikalia. "Ni dawa hizo, mwali. Tulia. Ukikojoa nyeupe ndiyo uniite."

Mama Eliza alinifaa kuliko mto. Mama yangu ugali wa muhogo ulimshinda, basi yeye akawa anamfundisha kuula na usipa wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, huku akimsema: "Nyie watu wa milimani mna meno ya mahindi tu." Siku moja Bosko alishuka na kahawa yetu iliyokaangwa na kutwangwa. Mimi nina ndoto yangu ya siku nyingi ya kufungua kibanda cha kahawa huko ufukweni, niwauzie wageni, maana sisi tunailima miaka yote na tunakunywa chai ya rangi. Nikaona nianze na Mama Eliza. Mama akaipika, akampa kikombe. Akameza funda moja, uso ukakunjamana wote.

"Hii ndiyo mnayoilimia mpaka mnavunjika migongo?"

Wodi nzima ilicheka. Plasta yangu ilinibana kwa kucheka. Nikamwambia, "Basi wewe nitakuwekea sukari."

Usidhani ilikuwa furaha tu. Nywele zilitoka kwenye kitana mafungu mafungu. Mgongo uliwasha ndani ya plasta mahali ambapo mkono haufiki. Mama aliacha shamba, akaacha kahawa, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu tangu mvua zinaanza mpaka zinaisha, na kuna siku tulikaa asubuhi mpaka jioni bila kusemeshana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kusema neno "miguu". Aliniambia mara moja tu, akinifunga kanga kichwani, "Mimi ndiye niliyekuambia ukaze." Nikamwambia na mimi ndiye niliyekaza. Hatukulirudia.

Na Bosko? Msimu wa ngolo ulipofika tena, mimi na mama hatupo. Wanaume wa kwetu wanafyeka, hawachimbi. Jembe la ngolo ni la mwanamke. Bosko akaegesha pikipiki akachimba. Watu walisimama barabarani wakamwita dada Bosko. Aliposhuka ziwani kutuona alikuwa anatembea ameshika kiuno kama bibi kizee.

"Mgongo?" nikamuuliza.

"Usinichekeshe, Skola. Mnawezaje?"

Ilikuwa kipindi hichohicho kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Nilikuwa nakitazama tu, kama kawaida yangu, bila matumaini. Kikacheza. Nikadhani ni nzi. Nikakiambia cheza, kikacheza tena. Nilipiga kelele hata waliokuwa wodi ya wanaume wakaja dirishani. Nesi Tumaini akaja mbio na sindano mkononi, akatazama, akasema, "Kidole kimoja tu ndiyo kelele zote hizi?" Halafu akageukia ukutani, akajifuta macho kwa mkono wenye sindano.

Baadaye, plasta ilipotolewa nikapewa mkanda, akaniambia, "Simama."

"Siwezi, nesi."

"Sijakuuliza."

Nikasimama. Sakafu ilikuwa mbali sana.

Nikiwa kule nilipata muda wa kuwaza juu ya yale mashindano, na kichwa changu kidogo hakikupata jibu moja. Ile mashine isingenunuliwa kama bondeni hawakutaka kuwapita mlimani. Tungekaa bila mashine mpaka leo. Kwa hiyo mashindano ndiyo yaliyouona mfupa wangu. Na mashindano hayohayo ndiyo yaliyonizungusha mpaka mfupa ukaliwa. Uji niliunywa, ulikuwa mtamu. Binamu yangu wa pili alijifungua kwenye kitanda kisafi, akashikwa mkono, na mtoto anaitwa Neema. Siwezi kusema turudi kufokewa. Ila nimejifunza kwa mwili wangu kwamba mgonjwa mwenye faida hakuna anayetaka kumwachia, na mgonjwa wa hasara hakuna anayetaka kumshika, na ni mtu mmoja. Kwa nini wasishindane nani atagundua upesi? Kwa nini aliyeandika rufaa asihesabiwe naye kuwa ametibu? Mimi siyo ofisa. Nauliza tu.

Niliporudi nyumbani kahawa ilikuwa imeiva tena. Vidonge niliendelea kuvimeza mpaka mvua nyingine zikaja, nikimezea nyumbani, mama ananitazama mpaka koo lishuke. Mgongo una kibyongo kidogo, hakitaondoka. Nguo nashona mwenyewe kukifuata. Natembea. Mwanzoni kwa fimbo, halafu kwa ukuta, halafu kwa miguu.

Habari zikaenea. Siku moja asubuhi gari la kituo cha mlimani likasimama nje, akashuka Dokta Rajabu na mkungu wa ndizi. Hajakaa vizuri, likaja la bondeni, akashuka kijana wao wa kutangaza, na fulana yenye jina la kituo. Wote wawili walitaka jambo moja: siku ya soko nisimame niseme nimeponea kwao.

"Sisi ndiyo tulimpiga picha," akasema wa bondeni.

"Sisi ndiyo tulimpokea kwanza," akasema Dokta Rajabu. Kisha akaiangalia ile ndizi kama ni ya mtu mwingine. "Skola," akasema, "nilipaswa kukufungua kile kitenge."

Mama akatoka nje. Mimi nilishindwa kumchukia. Alikuwa amekonda yule kijana, na Tabora ni mbali. Nikasema nitasimama. Lakini nitasimama katikati, siyo upande wa mtu, na nitasema nitakachosema.

Siku ya soko wakanipa kipaza sauti, kila upande ukidhani ni wake. Sikusema habari za kituo. Nikasema: "Mama zangu, shikamooni. Mgongo wa ngolo ukilala unapumzika. Kama wako ukilala ndiyo unauma, na unatoka jasho kwenye baridi, na nguo zinakulegea, siyo ngolo. Fungua kitenge. Mwambie dokta atazame kwa macho na ashike kwa mkono, na aulize TB hata kama hukohoi. Akikuambia ngolo, omba karatasi ya kwenda mbele. Akikataa karatasi, ondoka hivyohivyo." Nikageuka nikawaonyesha kibyongo changu. Kijana wa matangazo akakichukua kipaza sauti taratibu, akasema, "Ahsante sana, sasa muziki."

Nilikuwa nainama kupita chini ya kamba ya mitumba nikashikwa mkono. Mwanamke simjui, wa makamo, ametoka mashambani na udongo miguuni, amejikaza kitenge mpaka pumzi inatoka fupi fupi.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi ukilala ndiyo unauma."

Nikampeleka nyuma ya mafungu ya kabichi. Nikamfungua. Nikapitisha vidole mfupa kwa mfupa kama nilivyofanyiwa. Sikujua nahisi nini, mimi siyo nesi, lakini alipoguswa katikati alishtuka mwili mzima, na macho yake yakajaa.

"Twende," nikamwambia.

Tulipotokeza barabarani magari yote mawili yalituona. "Mama, karibu kwetu, panda!" "Mama, huku hakuna foleni!" Yule mama akarudi nyuma, akajificha bega kwangu.

"Twende kipi?" akaniuliza.

"Kilicho karibu. Wakisema ngolo, tunatoka tunakwenda cha pili. Wakisema ngolo na huko, tunashuka ziwani."

"Si mbali hivyo? Na wewe mwenyewe mgonjwa?"

"Miguu ninayo," nikasema, tukaanza kupanda.